Sadaka za Waumini na Loji za Ngorongoro

Sifa zote njema anastahiki Allah (SW), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), aali zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, umezuka mtindo katika baadhi ya taasisi zetu: semina za viongozi hazifanyiki tena misikitini wala madrasani, bali katika loji za kitalii. Mimi nilialikwa katika mojawapo, siku tatu kwenye ukingo wa Kreta ya Ngorongoro. Mada ilikuwa kuinua hali ya madrasa. Nilikwenda, nikala, nikalala. Basi haya niyasemayo yananihusu mimi kwanza.

Mahali pale ni ishara miongoni mwa ishara za Allah. Mlima mkubwa wa volkano ulibomoka na kudidimia zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita, ukaacha bonde la kilometa za mraba zipatazo 260, lenye kina cha mita 600 hivi, na chini yake Ziwa Magadi lenye maji ya chumvi na makundi ya heroe. Suratul Ghashiya inatutaka tuitazame milima jinsi ilivyosimamishwa, na Suratul Ankabut inatuamrisha tutembee katika ardhi tuone Allah alivyoanzisha uumbaji. Kwa hiyo hatusemi kuwa safari ni haramu. Mwenye kusema hivyo hakuifahamu dini yake.

Loji yetu ilikuwa ukingo wa kusini, na asimamaye hapo akilitazama bonde na ziwa huwa ameelekea kaskazini, uliko upande wa kibla. Lakini Magharibi ilipoingia, sisi tulikuwa barazani tukipiga picha za jua likizama, na meza za jirani zimejaa chupa za pombe. Wengine walisema watajumuisha na Isha. Ruhusa ya msafiri tukaifanya mto wa kulalia. Aliyekumbuka swala hakuwa shekhe yeyote miongoni mwetu. Alikuwa kijana mhudumu, aliyeniinamia na kusema kwa adabu: "Ustadhi, nikuoneshe tunaposali?" Akanipeleka nyuma ya jiko, palipotandikwa boksi lililokunjuliwa. Tukasali wawili. Wallahi, niliona haya.

Na fedha zilitoka wapi? Zilitoka katika sadaka zenu. Yumo humo mjane, yumo muuza mchicha aliyetia sarafu yake katika sanduku siku ya Ijumaa. Gharama ya usiku mmoja wa mtu mmoja ilizidi posho yangu ya ualimu ya miezi mitatu, na watoto ninaowasomesha wanakalia mkeka uliotoboka.

Watasema: Allah ameruhusu vizuri vya riziki. Ni kweli, ruhusa hiyo imo katika Suratul A'raf. Lakini aya inayoitangulia imekataza israfu. Mwenye mali yake ya halali akienda huko, hesabu yake ni kwa Mola wake, na ajiepushe na meza inayonywewa pombe. Ama mali ya waumini ni amana, na mwenye kukabidhiwa amana hajitandikii kwayo kitanda.

Tunashauri hivi. Semina zifanyike misikitini. Wakitaka kuiona kreta, walale nyumba za wageni za kawaida mjini Karatu, washuke bondeni asubuhi. Kiingilio cha Mtanzania ni kidogo mno kuliko cha mgeni. Wawachukue na wanafunzi wa madrasa, kwani wao ndio wanaostahiki zaidi kufundishwa uumbaji wa Mola wao. Kisha hesabu isomwe mbele ya jamaa baada ya swala ya Ijumaa, shilingi kwa shilingi.

Suratut Takathur imetuonya kuwa Siku hiyo tutaulizwa juu ya neema. Waumini nao wana haki ya kuanza kuuliza leo.

Wabillahi tawfiq.