KAZI ZA MIKONO NYUMBANI: Ndege na vifaru vya kuchonga

Baba mmoja wa familia ametuletea barua. Anasema ya kwamba mwanawe, mwanafunzi wa darasa la sita, kila arudipo kutoka shuleni hukaa chini ya mwembe akichonga ndege za vita na kufinyanga vifaru vya udongo, hata chakula hukisahau. Baba huyo anauliza mambo mawili. Je, kazi ile si kupoteza saa bure? Tena, je, yafaa mtoto wa nyumba ya Kikristo apende vyombo vilivyoundwa kwa kuua watu? Maswali yote mawili ni ya haki, wala hatuwezi kuyajibu kwa neno moja.

Kwanza tuifahamu kazi yenyewe. Watoto wetu wengi hujua kutengeneza motokari ya waya, au ya kopo la maziwa, na kuikokota barabarani. Ni mchezo mzuri, lakini sio tunaousema leo. Tunasema juu ya mfano wa kipimo, yaani chombo kidogo ambacho kila sehemu yake imepunguzwa kwa hesabu moja tu. Mabawa yakipunguzwa mara 72, mkia nao hupunguzwa mara 72, na magurudumu vivyo hivyo, hata kiti cha rubani. Anayekadiria kwa jicho hupata kitu kinachofanana na ndege. Anayepima hupata ndege ile ile, wala si nyingine.

Twaeni ndege ya DC-3, ambayo wazee wetu waliiona sana katika viwanja vya Kongo, na ambayo askari waliiita Dakota. Mabawa yake, toka ncha hata ncha, ni metri 29. Gawanyeni kwa 72, mtapata sentimita 40. Mwili wake ni karibu metri 19 na nusu. Katika mfano ni sentimita 27. Hapo mwanafunzi aliyenung'unika mbele ya hesabu za kugawanya ataziomba mwenyewe, kwa kuwa ubao hausamehe: ukikatwa mfupi, haurefuki tena. Mwalimu anayetaka kuwashangaza wanafunzi wake awaulize ni mifano mingapi ya kipimo hicho ingeenea katika nafasi ya Dakota moja ya kweli. Watajibu 72. Jawabu ni 72 mara 72 mara 72, yaani 373,248.

Mbona 72, wala si 70 au 100? Sababu ni vipimo vya Waingereza. Futi moja kwao ni inchi 12, na futi sita ni inchi 72. Basi inchi moja ya mfano ikasimama badala ya futi sita za ndege. Kipimo hicho kilianza kuenea Uingereza katika mwaka 1932, kwa mifano ya mti iliyoitwa Skybirds, kikashika hata leo.

Sasa swali la kwanza, la kupoteza saa. Tarehe 6 Septemba 1939, vita kuu ya pili ikiwa na siku chache tu, ndege za Kiingereza aina ya Spitfire ziliruka kupambana na adui. Rubani wakaona ndege mbele yao, wakazipiga, wakaangusha mbili. Zilikuwa ndege za Kiingereza, aina ya Hurricane. Rubani mmoja alikufa, naye aliuawa na wenzake. Macho yalikuwa mazima, na silaha zilikuwa njema. Kilichokosekana ni kuitambua ndege kwa umbo lake kabla ya kufyatua. Kulikuwa na makosa mengine siku ile, ya wale walioongoza ndege kutoka chini, lakini kosa la mwisho lilikuwa la macho.

Kwa sababu ya hatari kama hiyo, mwanzoni mwa mwaka 1942, Jeshi la Majini la Marekani liliwaomba wanafunzi wa shule za sekondari wachonge mifano 500,000 ya ndege: aina 50, na 10,000 ya kila aina. Ndiyo, wanafunzi! Walipewa michoro na kipimo cha 72, wakachonga kwa mti, wakapaka rangi nyeusi tupu, bila alama wala herufi, ili askari ajifunze umbo peke yake. Mifano ile ilitungikwa kwa uzi mbele ya wanafunzi wa urubani na wapiga mizinga. Tazameni busara ya kipimo: mfano wa 72 ukiutazama kwa mbali wa metri 10, waonekana sawasawa na ndege ya kweli iliyo mbali metri 720. Katika chumba kimoja askari aliweza kujifunza anga nzima. Mfano uliochongwa vibaya ulikataliwa, maana bawa lililopindishwa vibaya lingeweza kumfundisha askari kumpiga rafiki yake. Je, mzee, hizo zilikuwa saa za kupotea?

Baada ya vita, mti uliacha nafasi kwa plastiki. Nicholas Kove, mzaliwa wa Hungaria, alikuwa na kiwanda huko London, jina lake Airfix, kilichotengeneza vitu vya kuchezea vya mpira na vitana vya kuchania nywele. Mwaka 1949 alifanya mfano wa trekta ya Ferguson. Mwaka 1952 akatoa merikebu ya zamani, Golden Hind, katika vipande vya kuunganishwa na mnunuzi mwenyewe, kwa bei ya shilingi mbili. Mwaka uliofuata ikaja Spitfire. Plastiki huyeyushwa kwa moto, ikasukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma. Ikipoa, vipande hutoka vimeshikana na kitawi chao kama matunda mabichi, na mtoto huvikata kimoja kimoja. Gundi yake si kama gundi ya karatasi. Huyeyusha kidogo nyuso mbili za plastiki, zikachanganyika na kuwa kitu kimoja, mfano wa fundi anayeunga chuma kwa moto.

Vifaru vilipata kipimo chao huko Japani. Yoshio Tamiya alikuwa na kiwanda cha mbao katika mji wa Shizuoka tangu mwaka 1946, akauza pia mifano ya mti. Plastiki ilipowashinda wachonga mti, kiwanda chake kikageuka. Kifaru chao cha kwanza cha plastiki, Panther wa Wajerumani, kilipata kipimo cha 35 kwa sababu ya kuchekesha: walitaka mota na betri za tochi zienee tumboni mwake! Namba iliyozaliwa na betri imekuwa sheria ya mafundi wa dunia nzima. Shunsaku, mwana wa Yoshio, hakupenda kubahatisha. Alisafiri hata Marekani kupiga picha za vifaru vya kweli, na baadaye, akitaka mfano mzuri wa motokari ya Porsche 911, alinunua motokari yenyewe akaifungua kipande kwa kipande.

Najua wazazi wanasema: «Vitu hivyo vya sanduku vina bei, nasi tunatafuta karo ya shule.» Haya, tuache sanduku. Wanafunzi wa Marekani walikuwa na mti, kisu na mchoro, nasi tunavyo. Ubua mkavu wa rafia ni mwepesi na hukatika kwa urahisi. Kwa mabawa membamba tumieni karatasi ngumu, na kwa nguzo zake vijiti vya mwanzi vilivyopasuliwa. Msasa uwe wa namna mbili, wa kukwaruza na wa kulainisha.

Na kama mtoto anataka ndege yenye habari ya nchi yetu, asichonge Spitfire, ambayo kila mtu anayo. Achonge Short 827, ndege ya majini. Ndege nne za aina hiyo zililetwa katika vita kuu ya kwanza, zikiwa zimefungwa vipande vipande, zikapitishwa mtoni na relini kuvuka Kongo yote hata Tanganyika. Kwa kuwa ziwa kubwa lina mawimbi makali, Wabelgiji waliziweka katika ziwa dogo la Tungwe lililo karibu, na mwezi wa Mei 1916 ya kwanza ikaruka. Mwezi wa Juni rubani Aimé Behaeghe, pamoja na mwenzake Collignon, walikwenda Kigoma kutupa mabomu juu ya meli ya Wajerumani, Graf von Götzen. Behaeghe hakurudi kwao: alikufa kwa ugonjwa huko Niemba, mwezi wa Desemba mwaka ule ule.

Meli yenyewe ina habari ya kumpendeza kila mpenda mifano. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa tena, ikatiwa katika masanduku 5,000, ikaletwa kwa bahari hata Dar es Salaam, kisha kwa reli hata Kigoma, na huko ikaunganishwa upya. Naona ndiyo mfano wa sanduku mkubwa kupita yote Afrika iliyopata kuuona! Nayo siku zile za Juni 1916 haikuwa na nguvu iliyodhaniwa. Mzinga wake mkubwa ulikuwa umekwisha kuondolewa kwa ajili ya vita ya nchi kavu, na mahali pake Wajerumani waliweka mzinga wa mti. Mwezi wa Julai waliizamisha wenyewe, baada ya kupaka mashini zake grisi nyingi ili zisiliwe na kutu. Waingereza waliitoa majini mwaka 1924, na tangu mwaka 1927 ikaitwa Liemba.

Vipimo vya Short 827 ni hivi: mabawa ya juu metri 16.4, mwili metri 10.7. Kwa 72 mtapata sentimita 22.8 na 14.9. Mabawa ya chini ni mafupi kuliko ya juu. Watoto wengi huyakata sawa, na ndege yote huharibika. Chini yake ina maboya mawili makubwa, na madogo kwenye ncha za mabawa na mkiani. Rangi yo yote mtakayotumia ichanganywe na nyeupe kidogo, kwa kuwa kitu cha mbali huonekana kimepauka, na mfano ni kitu cha mbali kilichosogezwa karibu.

Kisu kisukumwe mbali na mkono unaoshika. Gundi ya plastiki na rangi za mafuta zitumiwe nje au penye dirisha wazi, tena kopo liwe mikononi mwa mzazi: harufu yake huumiza kichwa, na wazazi wa mijini wanajua jinsi watoto wa barabarani wanavyoharibiwa kwa kuinusa.

Tunafika katika swali la pili. Mzee, mwanao aliviona wapi vifaru anavyofinyanga? Kama ni kitabuni, usiwe na hofu. Lakini katika Kivu na Ituri watoto wengi wameviona kwa macho, barabarani, na wengine walikuwa wakikimbia mgongoni mwa mama zao. Mtoto wa namna hiyo usimpigie kelele, wala usikivunje alichokifinyanga. Kaa naye, umwulize: hiki ni nini, kilikuwa wapi, ulikuwa na nani? Huenda udongo unasema jambo ambalo kinywa chake kimeshindwa.

Mimi sioni dhambi katika bawa lililochongwa vema. Mtoto anayeijua Short 827 atauliza pia waliorukia ndani yake walipatwa na nini, na waliokuwa chini ya mabomu. Hapo baba ana la kumwambia.

Lakini mambo mawili nayakataza kabisa, na ninawaomba wazazi wayakataze pamoja nami. La kwanza: mtoto asiokote kitu cho chote cha vita, ganda la risasi au chuma kisichojulikana, ili kupamba mfano wake. Vyuma vilivyolala miaka mingi vimewapasukia watoto waliokuwa wakicheza. Akikiona asikiguse, arudi kwa njia aliyojia, amwambie mtu mzima.

La pili ni bunduki ya mti. Ndege ya sentimita 22 haimdanganyi mtu, kwa sababu ni ndogo. Mzinga wa mti wa Götzen uliwadanganya maofisa wenye darubini, kwa sababu ulikuwa na ukubwa wa mzinga. Bunduki ya mti iliyopakwa rangi nyeusi, mikononi mwa mvulana wa miaka kumi na miwili, saa ya magharibi, karibu na kizuizi cha askari, ina ukubwa wa bunduki. Askari naye anaogopa, wala hana mwalimu wa kumtungikia mifano kwa uzi. Basi, kila silaha iwe ya kipimo cha 72 au cha 35, na ikae juu ya meza.

Kwa wanafunzi wapendao vifaru: Sherman ya Wamarekani ni metri 5.84 kwa urefu na 2.62 kwa upana. Gawanyeni kwa 35, mtapata sentimita 16.7 na 7.5. Minyororo ya magurudumu yake ikatwe katika mpira wa ndani wa baiskeli iliyokwisha kazi, na ichorwe meno kwa ncha ya msumari uliopata moto.