Matone ya saratani ya jicho yamfuate mgonjwa Chiwata

Msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho, jicho jekundu halimshtui mtu Chiwata. Mkulima hunawa, hufikicha, husema ni salfa tu. Mara nyingi ni kweli. Lakini kinyama kilichoota pale weusi wa jicho unapokutana na weupe, kikakaa wiki kadhaa huku kinakua, si cha kusingizia salfa. Kinaweza kuwa saratani.

Saratani hii imeshamiri mashariki na kusini mwa Afrika. Huchochewa na jua kali, na huwapata zaidi wenye Virusi vya Ukimwi. Uhusiano huo ulielezwa kutoka Kampala mwaka 1995. Kwa wengine kinyama hicho ndicho dalili ya kwanza ya VVU, hivyo kila mwenye nacho apimwe. Kikiachwa huzama ndani, na mwishowe daktari hulazimika kuling'oa jicho zima ili kuokoa maisha.

Dawa ipo, na ushahidi wake umetoka kwa jirani zetu. Nchini Kenya, Dk. Stephen Gichuhi na wenzake waliwakata wagonjwa vinyama hivyo, kisha wakawagawa makundi mawili. Kundi moja lilitumia matone ya fluorouracil ya asilimia 1, mara 4 kwa siku kwa wiki 4. Jingine likapewa matone yasiyo na dawa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Katika mwaka mmoja, uvimbe ulirudi kwa watu 17 kati ya 47 waliokosa dawa. Kwa waliotumia dawa, ulirudi kwa 5 kati ya 47. Baadhi yao macho yalitoa machozi na kope ziliwaka, kisha hali hiyo ikapita.

Fluorouracil si dawa mpya wala si ya matajiri. Ni ya miaka mingi, hutumika kutibu saratani ya utumbo, na mfamasia aliyefunzwa huweza kuizimua kutoka kwenye chupa ya sindano hadi iwe matone ya jicho.

Kwa hiyo hatukubali mkulima wa korosho akatwe kinyama, arudishwe nyumbani mikono mitupu, kisha atakiwe kusafiri zaidi ya kilomita 500 hadi Dar es Salaam uvimbe ukirudi. Wizara ya Afya na Bohari ya Dawa zihakikishe matone haya yanatengenezwa Mtwara, katika hospitali ya rufaa ya kanda, na kufikishwa Masasi na Newala. Kila kinyama kinachokatwa kipelekwe maabara, kisitupwe. Na matone yasiuzwe kiholela madukani: hii ni dawa ya saratani, si ya kupewa mjamzito wala ya kuazimana.

Nawe msomaji wa Chiwata, mwenye kinyama kisichopona, acha kujitilia dawa za dukani na za majani. Nenda hospitali ya Ndanda wiki hii, ukachunguzwe.