Mwanafunzi Asiyetulia: Adhabu au Utaratibu?

Kila mwalimu wa sekondari, awe Milanzi katika Manispaa ya Sumbawanga au kwingineko nchini, anamjua mwanafunzi huyu. Daftari la Hisabati amelisahau nyumbani. Swali la kwanza amelijibu vyema, la pili ameliacha nusu, na kabla kipindi hakijaisha amekwisha kuinuka mara tatu. Taarifa ya muhula humwita mvivu au mtovu wa nidhamu. Kwa maoni yangu, hukumu hiyo mara nyingi si ya haki.

Mwaka 1902 daktari George Still alieleza mjini London habari za watoto wenye akili timamu ambao hata hivyo walishindwa kujizuia na kukaza fikira. Mwaka 1980 matabibu wa akili wa Marekani waliiita hali hiyo upungufu wa umakini, na mwaka 1987 wakaongeza katika jina hilo kutotulia kulikozidi. Hukadiriwa kuwa watoto wapatao 5 katika kila 100 duniani wanayo, na urithi una sehemu kubwa. Wapo pia, hasa wasichana, wasiosumbua mtu: hukaa kimya wakiitazama milima ya Mbizi dirishani, na hakuna anayewashughulikia.

Kinachopungua si akili, bali uwezo wa kushika maagizo kadhaa kwa pamoja, kupima muda na kuuzuia mwili. Mwalimu asemapo, “Fungeni madaftari, fungueni kitabu ukurasa wa 42, fanyeni swali la 3 hadi la 7,” mwanafunzi huyu hubakiwa na agizo la kwanza tu. Basi hapana budi maagizo yatoke kichwani yakae mahali yanapoonekana. Yaandikwe pembeni mwa ubao, moja moja, wala yasifutwe mpaka kazi iishe. Maswali 10 yagawanywe mafungu mawili, na fungu la kwanza lisahihishwe papo hapo, kwani sifa ya leo humfaa kuliko zawadi ya mwisho wa muhula. Akae mbele, mbali na mlango. Akihitaji kuinuka, apewe kazi ya kufuta ubao au kugawa madaftari.

Tahadhari moja yafaa. Mtoto wa Ufipa aliyezoea Kifipa nyumbani na Kiswahili shule ya msingi huenda akapotea Kidato cha Kwanza kwa sababu ya Kiingereza tu. Mwingine ana njaa, au hasikii vizuri. Dalili za hali hii huanza kabla ya umri wa miaka 12, hudumu miezi 6 au zaidi, na huonekana shuleni na nyumbani pia. Kuipima, na kuamua juu ya dawa, ni kazi ya daktari.

Ama viboko, kanuni za mwaka 2002 ziliviwekea kikomo cha vinne, kwa makosa mazito, na kwa idhini ya mkuu wa shule. Kusahau kalamu si kosa zito.

Nawe mwanafunzi unayejitambua katika maelezo haya, andika kazi zote za nyumbani katika daftari moja dogo, si katika madaftari tisa. Mwombe jirani yako wa dawati alikague kabla ya kengele ya kutoka. Usiku panga mfuko wako kwa kufuata ratiba ya kesho, kisha uuweke mlangoni, pale ambapo huwezi kupita bila kuukanyaga.