Chujio la Oili na Kazi ya Dereva
Huku kwetu Kangemi, kando ya barabara ya Waiyaki, injini ya dizeli ikinoki, dereva ndiye afukuzwaye kazi. Pengine hana hatia. Injini hiyo haina plagi za cheche. Huwasha mafuta kwa kugandamiza hewa kwa nguvu nyingi, na beringi zake hubeba mzigo mkubwa. Karatasi ya chujio bandia la oili ikipasuka, uchafu hupita ukazisaga. Sheria ya kupinga bidhaa bandia ilitungwa nchini mwaka 2008, lakini kwa macho bandia na halisi hufanana kama pacha. Basi, Bwana mwenye gari, kabla hujamfukuza mtu, fundi na alikate chujio mbele yenu wote wawili, aikunjue karatasi. Ikiwa imepasuka, aulizwe aliyelinunua.