Sisi Pia ni Watu wa Kuja

Wasee wa Kwa Vonza, leo naongea na nyinyi moja kwa moja. Kuna haya maneno yamezoeleka sokoni: "Hao ni watu wa kuja." Mwanafunzi wa SEKU akikodi nyumba, ni mtu wa kuja. Mama wa watu akifungua kibanda cha chapati, mtu wa kuja. Sasa nauliza: sisi tulichipuka hapa kama migunga?

Anza na jina tu. Kwa Vonza. Yaani kwa mtu. Kuna siku huyo mtu alifika hapa, akajenga, na wengine wakaanza kusema tunaenda kwa fulani.

Wakamba tumekuwa watu wa kuhama kitambo. Wazee husimulia kwamba tulitawanyika kutoka milima ya Mbooni, huko Makueni, na wengine wakavuka mto Athi wakaingia Kitui. Na walihama kwa akili. Mifugo ilitangulia na vijana wachache hadi weu, nyika isiyo ya mtu. Huko walijenga kyengo, kambi ya ng'ombe iliyozungushiwa miiba. Mvua ikikubali, mama anafuata na mbegu. Watoto wanazaliwa. Kambi inakuwa nyumbani.

Halafu mkoloni akaja akasema Yatta ni ardhi ya serikali yake, ukitaka kulisha ng'ombe huko utoe pesa. Baada ya uhuru mwaka 1963, familia nyingi kutoka milima ya Machakos, ambako mashamba yalikuwa yamegawanywa mpaka yakaisha, zikamiminika huku chini. Babu yangu alikuwa mmoja wao. Alikuja na mbuzi, jembe na mdogo wake.

Sasa linganisha na Waayalandi. Viazi vyao vilianza kuoza shambani mwaka 1845. Watu kama milioni moja wakafa, na zaidi ya milioni moja wakahama, wengi wakipanda meli kwenda Marekani. Leo kitukuu wao akiwa kijijini huko Iowa anafungua simu na kutafuta jina la babu yake kwenye orodha za abiria. Annie Moore, msichana wa Cork, ndiye wa kwanza kuandikishwa Ellis Island, tarehe 1 Januari 1892. Ana hadi sanamu.

Aliyevuka Athi hakuandikwa popote. Lakini msidhani hatuna rekodi. Tuna njaa.

Susu ukimuuliza alizaliwa mwaka gani, atakuangalia tu. Muulize njaa gani. Kuna Yua ya Ngomanisye, ile ya mwisho wa karne ya 19 iliyoenea kila mahali. Kuna Yua ya Ndeke, mwaka 1961, chakula kilipodondoshwa na ndege. Kuna Nikw'a Ngwete ya 1984: nakufa nikiwa na pesa mkononi, kwa sababu hata mwenye pesa hakupata cha kununua. Hiyo ndiyo kalenda yetu. Ukijua ni njaa gani iliyomhamisha babu, umejua mwaka na sababu kwa mpigo mmoja.

Shida ni kwamba hiyo kalenda iko kwenye vichwa vya watu wa miaka themanini, na kila mwaka tunazika kurasa. Tunafikiri tuko salama kwa sababu hatimiliki iko kwenye sanduku. Hatimiliki ina namba, ukubwa wa shamba na jina la mwenyewe. Haisemi alitoka wapi. Haisemi ni jirani gani alimwonyesha maji, au nani alimwazima ng'ombe wa kulimia msimu wa kwanza. Na hayo ndiyo tunayoyasahau haraka zaidi, kwamba kuna mtu alitupokea.

Kwa hivyo likizo hii, TikTok ipumzike dakika ishirini. Keti na susu, washa kinasa sauti cha simu, uliza maswali manne: Tulitoka wapi? Njaa gani ilitutoa? Tulifuata nani? Nani alitupa maji siku ya kwanza? Tuma hiyo sauti kwa binamu wote, isipotee na simu moja.

Ukishapata majibu, jaribu tena kumwita mtoto wa wenyewe mtu wa kuja. Tuone kama mdomo utafunguka.