Mahari: Shukrani au Deni?

Katika makabila mengi ya Uganda mahari ni jambo la heshima. Mzazi aliyemlea binti yake tangu utotoni, akamfunza kulima, kupika na kuwaheshimu wakubwa, hupokea ng'ombe, mbuzi au fedha kutoka kwa ukoo wa mume ikiwa ni shukrani. Ukoo wa mume nao hupata haki ya kuwahesabu watoto kuwa wake. Hakuna ubaya katika kumshukuru mzazi. Lakini shukrani ina sifa moja inayoitenga na deni: shukrani haidaiwi irudishwe. Hapo ndipo ulipozuka mgogoro uliowasumbua wanawake wa Uganda kwa miaka mingi, hata ukafika mbele ya majaji.

KILIO CHA KIJANA

Waandishi waliligusa jambo hili mapema. Mwaka 1953 marehemu Okot p'Bitek, mzaliwa wa Gulu, alitoa hadithi yake ya kwanza, Lak Tar, kwa lugha ya Kiacholi. Humo mna kijana fukara, Okeca Ladwong, aliyempenda msichana lakini hana mali ya kumwolea. Anafunga safari hadi Kampala kutafuta kazi, anavumilia taabu za ugenini, na anaporudi kwao fedha aliyoichuma kwa jasho inapotelea mikononi mwa wezi.

Msomaji humhurumia kijana huyo, naye anastahili kuhurumiwa. Hata hivyo hadithi inasimuliwa na kijana mwenyewe. Uzito wa mahari unapimwa kwa mabega ya mlipaji. Yule anayelipiwa hakupewa zamu ya kusimulia.

Zamu hiyo ilikuja mwaka 1966, Okot alipochapisha kwa Kiingereza utungo uliomletea sifa duniani, ambao wasomaji wa Kiswahili waliupata mwaka 1975 kwa jina la Wimbo wa Lawino, katika tafsiri ya Paul Sozigwa. Safari hii msemaji ni mke. Mumewe Ocol ni msomi anayemdharau kwa kuwa hakusoma, hajui dansi za kigeni na hajui kupika kwa jiko la kisasa. Ocol amevutwa na mwanamke mwingine, Clementine, anayejipamba kama Wazungu.

Lawino hana hasira kwa sababu tu mumewe ametaka mwanamke wa pili. Kinachomchoma ni dharau: ametukanwa yeye, wakatukanwa wazazi wake na mila za ukoo wake. Anajibu kwa ufasaha ambao wasomi wengi hawana. Lakini katika malalamiko yake yote haombi kuondoka. Anaomba mumewe arejewe na akili, na nyumba isimame tena. Sauti ni ya mwanamke, ila kalamu bado ilikuwa ya mwanamume. Swali moja likabaki bila jibu: je, mwanamke kama Lawino angetaka kuondoka, angeweza?

DENI LA DADA

Kwa desturi ya makabila mengi, ndoa ikivunjika ukoo wa mke ulipaswa kurudisha mahari. Sharti hili lilionekana kuwa la haki: mali ilitolewa kwa ajili ya ndoa, ndoa imekwisha, basi mali irudi. Lakini mwenye kuitazama hesabu hiyo kwa makini huona kasoro yake.

Ng'ombe walioletwa kwa ajili ya binti mara nyingi hawakukaa zizini. Kaka yake aliwachukua akaolea mke wake mwenyewe. Hivyo nyumba ya kaka ilisimama juu ya ndoa ya dada. Dada alipokimbia kipigo akarudi kwao usiku, hakuwa tu binti aliyerudi kwa wazazi. Alikuwa deni lililobisha hodi. Baba aliulizwa atatoa wapi ng'ombe, kaka akaogopa kumpoteza mkewe, mama akanyamaza. Kulipopambazuka, dada alishauriwa avumilie, akarudishwa kwa mumewe. Wazazi wengi walifanya hivyo huku wakimpenda mtoto wao, kwa kuwa hawakuwa na cha kulipa.

Tena hesabu ile ilihesabu upande mmoja. Mke aliyeishi na mumewe miaka 15 amelima mashamba, amechota maji, ametafuta kuni, amesaga nafaka, amezaa na kulea, amewauguza wakwe. Ng'ombe wanaweza kuhesabiwa na kurudishwa hadi wa mwisho. Nguvu za ujana wake zinarudishwa na nani?

HATUA ZA SHERIA

Shida za ndoa na talaka hazikuanza kujadiliwa juzi. Baraza la Wanawake la Uganda, lililoundwa mwaka 1946, lilidai kwa miaka mingi kwamba sheria za ndoa na urithi zichunguzwe. Mwaka 1964 serikali iliunda tume iliyoongozwa na William Kalema kuchunguza ndoa, talaka na hali ya wanawake. Miaka mingi ikapita. Katiba ya mwaka 1995, katika kifungu cha 31, iliwapa mume na mke haki sawa wanapooana, wakiwa katika ndoa na ndoa inapovunjika; na kifungu cha 33 kikakataza mila zinazovunja heshima ya wanawake.

Shirika la MIFUMI, lenye asili yake wilayani Tororo, liliitumia Katiba hiyo. Mwaka 2007, pamoja na wenzake, lilifungua shauri kupinga mahari mbele ya Mahakama ya Katiba. Mwaka 2010 lilishindwa. Likakata rufani, na tarehe 6 Agosti 2015 Mahakama ya Juu ya nchi ikatoa uamuzi wake. Majaji walio wengi hawakuifuta mahari yenyewe. Mume na mke wanaoafikiana kwa hiari waweza kuendelea nayo. Lakini kudai irudishwe ndoa inapovunjika kulitamkwa kuwa kinyume cha Katiba, kwa kuwa kunamshusha mwanamke hadhi na kwaweza kumfunga katika ndoa ya mateso.

YALIYOBAKI NYUMBANI

Wako wazee wanaonung'unika kwamba uamuzi huo unawafundisha wake kuvunja nyumba. Wengine husema, na si bila sababu, kwamba mke aliyetolewa mahari huheshimiwa ukweni, na asiyetolewa husimangwa. Hoja hii yafaa kusikilizwa. Lakini heshima iliyotoka moyoni haihitaji kulindwa kwa tishio la kudaiwa ng'ombe. Nyumba inayosimama kwa sababu mke hana njia ya kutoka haina tofauti kubwa na jela yenye jiko.

Hukumu ya mahakama husomwa mjini siku moja, na mila huishi kijijini kila siku. Kwa hiyo kazi iliyobaki ni ya nyumbani. Wazazi wanaopokea mahari na waseme wazi, mbele ya wakwe na mashahidi, kwamba wanapokea zawadi isiyodaiwa. Baba asiolee mtoto wa kiume kwa mali ya dada yake bila kujua kwamba kwa kufanya hivyo anaweza kufunga mlango ambao binti yake atauhitaji. Shangazi anayemfunda mwali uvumilivu amfundishe pia mpaka wa uvumilivu. Nao vijana wa kiume waelezwe kwamba aliyetoa mahari ameshukuru wazazi, hakununua mikono ya mtu.

Kalamu nayo imebadilisha mikono. Tangu mwaka 1996 waandishi wanawake wa Uganda wana chama chao, FEMRITE, mjini Kampala, na binti wa leo anaweza kusoma habari za ndoa zilizoandikwa na mwanamke. Lakini kabla hajafika kwenye kitabu, binti huyo husoma kwanza uso wa baba yake siku anaporudi nyumbani akiwa na alama za kipigo. Asome hapo kwamba yeye ni mtoto aliyerudi kwao, wala si deni.