Ada, Tozo au Mchango? Maoni Kuhusu Ugharimiaji wa Televisheni ya Umma

1. Utangulizi

Swali la nani agharimie televisheni ya umma limezoeleka kuwa swali la wachumi na wanasheria. Makala haya yanalileta mbele ya wasomi wa Kiswahili kwa sababu mbili. Kwanza, utangazaji wa umma ndio uliokifikisha Kiswahili sanifu mahali ambapo vitabu na walimu walichelewa kufika. Kudhoofu kwake ni kudhoofu kwa chombo kimojawapo kikuu cha lugha tunayoifundisha. Pili, maneno tunayoyatumia kuyaita malipo hayo, yaani ada, tozo, mchango na siku hizi kifurushi, si visawe. Kila moja lina dhana yake kuhusu uhusiano uliopo baina ya anayetoa na anayepokea, na mjadala wetu unayachanganya.

Msimamo wetu, kwa ufupi, ni huu. Malipo ya lazima yanaweza kutetewa, na ni bora kuliko malipo ya hiari, lakini kwa sharti kwamba haki ya kukidai chombo cha umma iwe ya kila raia, awe amelipa au hakulipa, na kwamba sheria inayokusanya fedha iwe ndiyo hiyo hiyo inayoilinda haki hiyo. Pasipo sharti hilo, lazima na hiari zote mbili humwacha nje mtu yule yule.

2. Betri za jirani

Mtu huyo ninamfahamu, kwa kuwa nililelewa nyumbani kwake. Tuliishi Ilemba, katika Bonde la Ziwa Rukwa, chini ya ukingo unaolitenga bonde na uwanda wa juu wa Ufipa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 redio katika ujirani wetu ilikuwa moja. Betri zilikuwa adimu na ghali, hivyo mwenye redio akaanzisha utaratibu wa mchango: kila kaya inayotaka kusikiliza itoe fedha kidogo, na waliochanga ndio waamue redio ifunguliwe saa ngapi. Utaratibu huo ulikuwa wa hiari kabisa. Wala ambao hawakuchanga hawakufukuzwa. Walikaa nje ya ua, na sauti iliwafikia.

Kaya yetu haikuchanga msimu ule, maana mavuno yalikuwa mabaya. Jumapili moja waliochanga walisikiliza mpira wa Simba na Yanga hadi betri zikaisha. Kesho yake jioni Radio Tanzania Dar es Salaam ilisoma tangazo la kifo cha baba yangu mdogo, aliyekuwa akifanya kazi Tabora. Hatukulisikia. Habari ilitufikia kwa mdomo wa abiria aliyeshuka kutoka Sumbawanga, wakati marehemu ameshazikwa. Baba hakumlaumu mtu. Alisema tu kwamba redio ilikuwa ya waliochanga, na waliochanga walitaka mpira.

Baada ya msiba ule wazee walikaa na mwenye redio wakabadili utaratibu. Mchango uliendelea, lakini muda wa taarifa ya habari na matangazo ya vifo ulitengwa usiguswe na mtu, nao ukawa wa wote. Waliokuwa na uwezo waliongeza kidogo. Wasiokuwa nao walisikiliza bila kuulizwa. Nimesoma mengi kuhusu utangazaji wa umma tangu wakati huo, na bado sijakutana na maelezo yanayoupita uamuzi ule kwa uwazi.

3. Maneno na dhana zake

Tuanze na neno ada. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya awali ni desturi. Katika Kiswahili lilipanuka likawa pia malipo yanayotolewa kwa mujibu wa desturi, kwa mfano yale apewayo mwalimu au kungwi. Mtoa ada analipia huduma aliyoipata, na kiasi chake kinafahamika na pande zote mbili. Hivyo anayesema “ada ya televisheni” amekwishadokeza kwamba huduma imemfikia mlipaji.

Tozo ni jambo jingine. Kitenzi toza ni kauli ya kusababisha ya kitenzi toa. Anayetozwa ni mtu anayefanywa atoe. Neno lenyewe halisemi kinachorudi kwake. Ndiyo maana tozo za miamala ya simu zilizoanza Julai 2021 zilizua manung’uniko makubwa, hata serikali ikazipunguza kwa asilimia 30 mwaka huo huo, ijapokuwa wananchi walielezwa kwamba fedha zingejenga madarasa na vituo vya afya. Watu waliona mkono unaochukua waziwazi kuliko walivyoona mkono unaorudisha.

Mchango unatokana na kitenzi changa, na ndani yake mna wenzi: mtu huchanga pamoja na wengine kwa ajili ya jambo wanaloshiriki. Kwa hiyo “mchango wa lazima” ni maneno yanayopingana, na jamii ilikwishalitambua hilo. Wazazi waliolalamikia michango ya lazima shuleni, hadi Rais John Magufuli akaipiga marufuku Januari 2018, walikuwa wanasema, pamoja na mengine, kwamba jina na kitu havikulingana.

Neno la nne, kifurushi, limetoka kwenye mzigo mdogo uliofungwa likafika kwenye bidhaa isiyoshikika ya muda wa maongezi, intaneti na chaneli. Mnunuzi wa kifurushi ni mteja. Mteja ana haki ya kupewa alichonunua, na fedha zake zikiisha haki yake nayo inakoma.

4. Udhaifu wa hiari

Tanzania Bara ilipata televisheni mwaka 1994, na vituo vyake vya kwanza vilikuwa vya watu binafsi. Televisheni ya serikali ilifuata miaka michache baadaye. Zanzibar ilikuwa imetangulia kwa miaka ishirini hivi, kwa televisheni ya serikali iliyokuwa ya rangi tangu mwanzo. Huku Bara mtazamaji alizoea kwamba, akishanunua seti na antena, picha ni ya bure. Mazoea hayo yalitikiswa usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam na baadaye katika miji mingine. Tangu hapo picha hupita kwenye king’amuzi. Neno hili zuri linatokana na kung’amua, yaani kutambua kilichofichika. Lakini king’amuzi cha kulipia hutambua pia nani amelipa.

Mkanganyiko uliofuata ulidhihirika mwaka 2018, pale Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilipozizuia baadhi ya kampuni za televisheni ya kulipia kuonesha chaneli za ndani zinazopaswa kutazamwa bila malipo, kwa hoja kwamba leseni zao hazikuruhusu. Hoja ya kisheria ilikuwa na uzito. Hata hivyo, mtazamaji wa kawaida alibaki na swali: chaneli ya umma ni ya umma kwa sababu gani, ikiwa inaonekana au kutoweka kulingana na king’amuzi kilichonunuliwa?

Wapo wanaodai kwamba hiari ndiyo haki: anayeitaka televisheni ya umma ailipie, asiyeitaka aachwe. Hoja hii inavutia, nayo inaheshimu uhuru wa mtu. Mfano wake wa karibu zaidi ni Marekani, ambako vituo vya umma hutegemea kwa sehemu kubwa michango ya watazamaji, ambayo hadi mwaka 2025 iliongezewa ruzuku ya serikali kuu kupitia shirika lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Julai 2025 Bunge la nchi hiyo lilifuta takribani dola bilioni 1.1 zilizokuwa zimetengwa kwa shirika hilo kwa miaka miwili. Vituo vya miji mikubwa vina wachangiaji wenye uwezo wa kuviokoa. Vilivyokuwa hatarini zaidi ni vile vya vijijini, kwa kuwa sehemu kubwa zaidi ya mapato yao ilitokana na ruzuku. Hiari, kwa maneno mengine, hukiacha chombo kiwe imara palipo na fedha, na kiyumbe panapokihitaji zaidi. Ndiyo hali ya ua wa jirani yetu kabla ya msiba.

5. Udhaifu wa lazima

Je, dawa ni lazima? Si yenyewe peke yake. Uingereza, inayotajwa daima kama kielelezo, hudai ada kwa kila kaya inayotazama televisheni, nayo ilifikia pauni 174.50 kwa mwaka ilipopandishwa Aprili 2025. Mlalahoi na tajiri hulipa sawa. Tena kiwango hupangwa na serikali, ambayo iliwahi kukizuia kisipande kwa miaka miwili kuanzia 2022, kikabaki pauni 159 wakati bei za vitu zinapaa. Ufini ilichukua njia nyingine mwaka 2013: ikaacha ada ya seti, ikaweka kodi inayopimwa kwa kipato cha mtu, na mwenye kipato kidogo halipi.

Lakini somo letu kubwa halitoki Ulaya. Linatoka Zambia, jirani yetu wa Rukwa hasa. Mwaka 2002 nchi hiyo ilirekebisha sheria ya shirika lake la utangazaji, ZNBC. Marekebisho yalikuwa na mambo mawili yaliyofungamana: tozo ya televisheni ya kila mwezi, na bodi ambayo wajumbe wake wangependekezwa na kamati huru badala ya kuchaguliwa na waziri peke yake. Tozo ilikusanywa, iliwekwa kwacha 3,000 za wakati ule, na kwacha ilipoondolewa sifuri tatu mwaka 2013 ikawa kwacha 3. Baadaye ilikusanywa pia pamoja na malipo ya televisheni ya kulipia. Kuhusu bodi, serikali ilikataa kuyapeleka bungeni majina yaliyopendekezwa, vyama vya wanahabari vikaenda mahakamani, na mwaka 2007 Mahakama ya Juu ikaamua upande wa serikali. Nusu ya sheria iliyochukua fedha ilitekelezwa mara moja. Nusu iliyotoa haki ilikwama.

Nasi pia tusijidanganye kwamba ruzuku ya bajeti ni njia salama. Shirika la Utangazaji Tanzania, TBC, hutegemea serikali na matangazo ya biashara, na Mkurugenzi Mkuu wake huteuliwa na Rais. Januari 2016 waziri mwenye dhamana ya habari, Nape Nnauye, alilitangazia Bunge kwamba TBC ingeacha kurusha moja kwa moja mijadala ya Bunge, kwa sababu gharama ilifikia shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka. Badala yake kungekuwa na kipindi cha kurekodiwa. Tukubali kwamba gharama hiyo ilikuwa ya kweli. Hata hivyo, uamuzi unaomhusu kila mpiga kura ulitolewa kwa kauli ya mtu mmoja, na mwananchi hakuwa na mahali pa kuudai muda wake.

6. Tunachopendekeza

Kutokana na hayo, tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, malipo yatokane na uwezo wa kununua. Asilimia ndogo ya kila kifurushi cha televisheni ya kulipia iende kwenye mfuko wa utangazaji wa umma. Anayeweza kununua chaneli za michezo na filamu anaweza kuongeza kidogo kwa ajili ya habari, elimu na lugha. Kaya ya Ilemba isiyo na king’amuzi haitalipa kitu. Wengine watapendekeza LUKU, ambayo tangu Agosti 2021 hukusanya kodi ya majengo. Lakini huko tumeona mpangaji akilipia nyumba isiyo yake.

Pili, fedha hizo hazitatosha, na ruzuku itaendelea. Basi ruzuku ipangwe kwa sheria kwa miaka kadhaa mfululizo, ili isipunguzwe kila kipindi kinapomuudhi mtu. Tunao mfano wa mfuko maalumu unaofanya kazi: Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2006, hupokea tozo kutoka kwa watoa huduma za mawasiliano, na umekwishasaidia kupanua usikivu wa redio ya TBC.

Tatu, sheria hiyo hiyo iunde bodi isiyoteuliwa na mtu mmoja, na iseme wazi kwamba vifungu vya fedha havitaanza kutumika kabla ya bodi kukaa. Hili ndilo tulilofundishwa na Zambia.

Nne, sheria itaje wajibu wa lugha. Redio Tanzania ilikuwa na vipindi kama “Lugha ya Taifa” ambavyo hakuna mfanyabiashara angevilipia. Vipindi vya namna hiyo, tafsiri ya lugha ya alama, na nafasi ya utafiti na fasihi ya lugha zetu nyingine, kikiwemo Kifipa na Kiwanda cha bondeni kwetu, visiachwe kwenye hisani ya meneja wa vipindi.

Itasemwa kwamba wananchi wamechoka na tozo. Ni kweli, na uchovu huo una sababu. Lakini watu wale wale huchanga kwa ajili ya misiba, harusi na matibabu bila kuburutwa, kwa kuwa wanajua fedha inakokwenda na wanaweza kuiulizia. Wanachokikataa ni kutozwa pasipo kuwa na neno la kusema.

7. Hitimisho

Kiswahili hakijatupatia bado neno moja la malipo ambayo ni ya lazima kama tozo, yanayotolewa kwa ajili ya wenzi kama mchango, na yenye kiwango kinachofahamika kama ada. Hilo ni pengo ambalo wanaistilahi wanaweza kulishughulikia, na ninawaalika wanafunzi wetu wa uzamili walijaribu. Kitu chenyewe, hata hivyo, kilikwishakuwapo kabla ya istilahi. Wazee wa Ilemba walikibuni uani kwa jirani, baada ya msiba ambao haukusikika, nao hawakumuuliza baba yangu kama alikuwa amechanga.